Shedeur Sanders katika nafasi ya 144: wabashiri wa drafti walipotea wapi?

Jumamosi ya 26 Aprili 2025, siku ya tatu na ya mwisho ya drafti, yaani zoezi la timu kuchagua vijana wa vyuoni, ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mjini Green Bay, Wisconsin, Cleveland Browns waliwapa Seattle Seahawks nafasi zao za 166 na 192 ili wapande hadi ya 144. Huko wakalitaja jina ambalo mamilioni ya watazamaji walikuwa wakilisubiri tangu Alhamisi usiku: Shedeur Sanders, kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, wa Chuo Kikuu cha Colorado. Ilikuwa raundi ya tano. Miezi michache kabla ya hapo wachambuzi wengi wa Marekani walikuwa wakimweka katika tatu bora, na wengine walimwona akiwa wa kwanza kabisa kuitwa.

Kisa hiki kimezungumzwa sana kwa hasira, kwa huruma na kwa ushabiki. Mimi nataka kukitazama upande mmoja tu, ule wa ubashiri. Watu wanaoifanya kazi hii mwaka mzima, wenye video za kila mechi, takwimu na marafiki ndani ya klabu, walimkosa mchezaji mmoja kwa zaidi ya nafasi 100. Naamini kosa lenyewe halikuwa katika kumpima Sanders. Lilikuwa katika kupima kitu kisichokuwa kinaulizwa.

Kwa asiyefuatilia futiboli ya Kimarekani, maelezo mafupi. Kwetu klabu ikimtaka kijana, inakwenda kuzungumza naye au na klabu yake, na mwenye fedha na maneno matamu anashinda, kama Simba na Yanga wanavyogombania saini kila dirisha. NFL haifanyi hivyo kwa vijana wanaotoka vyuoni. Timu 32 zinachagua kwa zamu katika raundi saba, na timu iliyofanya vibaya msimu uliopita ndiyo inayotangulia. Mchezaji hachagui aende wapi. Mwaka 2025 zilikuwapo nafasi 257. Zamu zinaweza kuuzwa na kubadilishana, kwa hiyo mpangilio wa asubuhi si lazima uwe ndio wa jioni. Tangu mkataba wa 2011 kati ya ligi na wachezaji, mshahara wa chipukizi unafuata nafasi aliyochaguliwa, hivyo kushuka kunauma mfukoni: Cam Ward wa Chuo Kikuu cha Miami, aliyechaguliwa wa kwanza na Tennessee Titans, alipata mkataba wa miaka minne wa takriban dola milioni 48. Wa Sanders ulikuwa takriban dola milioni 4.6.

Kubashiri mpangilio huo kumekuwa biashara kamili. Wachambuzi wanachapisha orodha ya nani atakwenda wapi, wanaibadilisha kila wiki kuanzia Januari hadi Aprili, na kampuni za kubeti zinapanga odi juu yake. Mel Kiper wa ESPN yupo katika kazi hiyo tangu miaka ya 1980, na katika orodha yake ya mwisho ya 2025 alikuwa amemweka Sanders miongoni mwa wachezaji watano bora wa mwaka.

Na sababu za kumweka juu zilikuwapo. Msimu wa 2024 Sanders alikamilisha asilimia 74 ya pasi zake, akarusha yadi 4,134 na tachidauni (mabao makuu) 37, na pasi zake 10 tu zikanaswa na wapinzani. Colorado, waliokuwa wameshinda mechi 4 mwaka 2023, walishinda 9. Alikuwa mtulivu, jasiri wa kusimama hadi sekunde ya mwisho, na usahihi wake wa pasi fupi na za kati ulionekana hata kwa jicho lisilo la kitaalamu. Upande wa pili nao ulijulikana. Mkono wake si wa nguvu za kutisha, hana mbio, na tabia yake ya kukaa na mpira na kurudi nyuma badala ya kuutoa ilimfanya aangushwe zaidi ya mara 90 katika misimu miwili. Sehemu ya lawama ilikuwa ya walinzi wake, sehemu ilikuwa yake. Skauti yeyote mwaminifu angeandika hayo yote mawili katika ukurasa mmoja.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Ripoti ya skauti inajibu swali la huyu kijana ni mzuri kiasi gani. Mbashiri wa drafti anaulizwa swali jingine kabisa: katika vyumba 32, ni chumba gani kitakachomwita, na saa ngapi? Kwa beki au mshambuliaji maswali haya mawili yanakaribiana, maana timu inaweza kuwatumia walinzi wanne au watano kwa zamu, na mzuri atapata pa kucheza. Kwotabeki anacheza mmoja. Timu iliyokwisha kumpata wake haina haja na wa pili kwa bei ya raundi ya kwanza, hata kama huyo wa pili ni mzuri kuliko wote waliobaki mezani. Kwa hiyo kabla ya kusema Sanders atakuwa wa ngapi, ilibidi kuhesabu milango iliyo wazi.

Tuihesabu basi, kwa yale yaliyokuwa hadharani kabla ya usiku wa Alhamisi 24 Aprili. Titans, nafasi ya kwanza: kila mtu alijua wanamtaka Ward. Browns, nafasi ya pili: walimhitaji kwotabeki kweli, kwa sababu kwotabeki wao Deshaun Watson alikuwa ameumia kano ya kisigino mara mbili, lakini Machi walikuwa wamemchukua Kenny Pickett na Aprili wakamrudisha Joe Flacco. New York Giants, nafasi ya tatu: walikuwa wamewasajili Russell Wilson na Jameis Winston. Las Vegas Raiders, nafasi ya sita: walishamnunua Geno Smith. New York Jets, ya saba: walishamsajili Justin Fields. New Orleans Saints, ya tisa: bega la Derek Carr lilikuwa na matatizo, mlango ukawa wazi. Pittsburgh Steelers, ya 21: walikuwa wakimsubiri kwotabeki mkongwe Aaron Rodgers aamue kama atajiunga nao, mlango ukawa nusu wazi. Baada ya hapo, ukitafuta timu yenye kiu ya kwotabeki, unatafuta kwa tochi.

Ukiwatoa Titans, waliokuwa na mtu wao, na ukiwatoa Raiders na Jets walioziba pengo lao mapema, wanabaki Browns, Giants, Saints na Steelers. Tuwe wakarimu, tuongeze na timu moja ya kushtukiza. Milango mitano. Tuseme, kwa mfano tu, kila mlango ulikuwa na uwezekano wa asilimia 20 wa kumchukua, na hakuna anayemwangalia mwenzake. Uwezekano kwamba wote watano wanampita ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani karibu 0.33. Theluthi nzima! Hata mtu aliyeamini kwamba Sanders ana nafasi nzuri ya kwenda raundi ya kwanza alipaswa kutembea na theluthi hiyo mfukoni.

Halafu hesabu hiyo bado inamwonea huruma, kwa kuwa milango ile haikuwa huru. Timu zote zinatazama video zile zile. Nyingi zilimhoji kijana yule yule katika vipimo vya vijana wa drafti huko Indianapolis, ambako alichagua kutorusha mpira, akasubiri siku ya maonyesho ya chuo chake Aprili. Kama mahojiano yale hayakumpendeza meneja mmoja, kuna uwezekano mkubwa hayakumpendeza na wa pili, na kwa sababu ile ile. Hapo kukataliwa na wa kwanza kunaongeza uwezekano wa kukataliwa na wa pili. Theluthi inapanda. Inaweza kufika nusu bila mtu yeyote kubadilisha mawazo yake kuhusu kipaji cha Sanders.

Ndiyo sababu nasema wastani wa bashiri ulikuwa hatari katika kisa hiki. Siku hizi wapo watu makini wanaokusanya mamia ya orodha za wachambuzi na mashabiki, wanatafuta wastani, na kwa wachezaji wengi njia hiyo inafanya kazi vizuri. Mlinzi ambaye wastani wake ni nafasi ya 15 mara nyingi ataitwa kati ya 8 na 25. Lakini kwotabeki wa aina ya Sanders hana wastani wenye maana. Anakwenda mapema kwa timu inayomwona kuwa kiongozi wake wa kesho, ama anaanguka hadi pale timu inaponunua mtu wa akiba kwa bei ya akiba. Katikati ya vilima hivyo viwili kuna bonde. Ukichukua 3 na 80 ukapata wastani wa 41 na nusu, umetaja mahali ambapo karibu hakuna aliyekuwa akimtarajia.

Kulikuwa na mfano wa karibu ambao ungeweza kuwaonya watu. Mwaka 2022 Malik Willis wa Liberty aliwekwa katika raundi ya kwanza na wachambuzi wengi. Usiku wa raundi ya kwanza kwotabeki mmoja tu aliitwa, Kenny Pickett, nafasi ya 20. Kisha kimya hadi Desmond Ridder katika nafasi ya 74, na Willis akafuata katika ya 86. Mwaka uliofuata Will Levis wa Kentucky alikaa mbele ya kamera usiku mzima, akaitwa kesho yake katika nafasi ya 33. Umbo lilikuwa lile lile: mlango wa kwanza ukishafungwa, mteremko ni mrefu. Mtu aliyemkumbuka Willis hakuwa na haki ya kuandika kwamba Sanders hawezi kutoka nje ya kumi bora, na walioandika hivyo walikuwa wengi.

Turudi kwenye usiku wenyewe, maana namna ulivyoendelea inaonyesha jinsi mlango mmoja unavyofunga mwingine. Browns waliiuza nafasi ya pili kwa Jacksonville Jaguars, ambao walimchukua Travis Hunter, mwenzake Sanders wa Colorado na mshindi wa tuzo ya Heisman ya 2024, ya mchezaji bora wa vyuo. Katika malipo Browns walipata nafasi ya tano na ya 36, pamoja na ya raundi ya kwanza ya 2026. Jambo hilo la mwisho watu walilipita haraka mno. Klabu inayonunua nafasi ya raundi ya kwanza ya mwakani inajipa muda wa kumtafuta kwotabeki mwakani. Katika ya tano wakamchukua Mason Graham, mlinzi wa Michigan. Giants katika ya tatu walimchukua Abdul Carter wa Penn State, Raiders katika ya sita mkimbiaji Ashton Jeanty, Saints katika ya tisa Kelvin Banks Jr., mlinzi wa mstari wa mbele. Milango mitatu mikubwa ilifungwa ndani ya chini ya saa mbili. Steelers katika ya 21 walimchukua Derrick Harmon wa Oregon, na hawakuwa na nafasi ya raundi ya pili kwa sababu waliitoa Machi kumpata DK Metcalf.

Kisha pigo lililozima mjadala: Giants walipanda hadi nafasi ya 25 wakamchukua kwotabeki kweli, ila alikuwa Jaxson Dart wa Ole Miss. Giants walikuwa wamekaa na Sanders, wamemfanyia majaribio ya faragha, na bado wakalipa ziada kwa mwingine. Ijumaa, katika nafasi ya 40, Saints walimchukua Tyler Shough wa Louisville, aliyekuwa na miaka 25 na amepita vyuo vitatu. Kwa hiyo timu mbili zilizokuwa na haja ya wazi zilinunua kwotabeki ndani ya nafasi 40 za kwanza, na hazikumnunua yeye. Hapo mtu hawezi tena kusema kwamba tatizo lilikuwa uhaba wa milango peke yake. Seahawks wakamchukua kwotabeki Jalen Milroe katika ya 92. Browns wenyewe, katika ya 94, wakamwita Dillon Gabriel wa Oregon, ambaye wachambuzi wengi walimweka chini sana kuliko Sanders.

Kutoka 94 hadi 144 hakuna kwotabeki mwingine aliyeitwa. Nafasi 49 mfululizo! Sehemu hii ya kisa ndiyo ngumu kuieleza, na naona maelezo bora ni ya kazi anayokuja kuifanya mtu. Chipukizi akishashuka hadi raundi ya tatu au ya nne, timu haimnunui tena kama mtu wa kuanza mechi. Inamnunua akae benchi, asome, asimletee kelele mtu aliye mbele yake. Mtoto wa Deion Sanders hawezi kukaa benchi kimya hata akitaka mwenyewe. Baba yake yumo katika ukumbi wa magwiji wa NFL, ndiye aliyekuwa kocha wake katika vyuo vya Jackson State na Colorado, na alikuwa amesema hadharani kwamba kuna miji ambayo asingependa mwanawe aende. Kila pasi mbovu ya anayeanza ingezaa swali moja kwa kocha: mbona humwingizi Shedeur? Kwa nafasi ya 3 klabu inabeba mzigo huo kwa furaha. Kwa nafasi ya 110 meneja anajiuliza kama mtu wa akiba ana thamani hiyo.

Naliona hilo kuwa la kusikitisha, na nalisema waziwazi: kijana aliadhibiwa kwa umaarufu ambao kwa kiasi kikubwa alizaliwa nao. Yalikuwapo pia maneno ya makocha wasiotajwa majina, yaliyosambazwa siku chache kabla ya drafti, kwamba alijibu vibaya katika mahojiano na ana kiburi. Maneno ya mtu asiyejitaja si ushahidi wa tabia ya mtu. Lakini kwa mbashiri yana thamani ya aina nyingine, kwa sababu yanaonyesha mazungumzo yanayoendelea ndani ya vyumba. Wachambuzi wengi waliyasikia, wakakasirika kwa niaba ya Sanders, na wakaliacha jina lake pale pale lilipokuwa. Waliichanganya haki na utabiri. Mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba kijana anaonewa na bado akaandika kwamba ataanguka.

Kelele za nje zilikuwa nyingi wikiendi ile. Rais Donald Trump aliandika akiwashutumu wamiliki wa timu. Siku ya Ijumaa Sanders, aliyekuwa kwao Texas na familia yake, alipigiwa simu ya uongo na mtu aliyejifanya meneja mkuu wa Saints. Ikagundulika kwamba namba ya Sanders ilitoka katika kifaa cha kocha wa ulinzi wa Atlanta Falcons, na NFL ikaitoza klabu faini ya dola 250,000 na kocha huyo dola 100,000. Ukatili mtupu kwa kijana aliyekuwa akisubiri. Kwa ubashiri hayakuongeza wala kupunguza kitu.

Kilichobeba uzito ni namna orodha za wachambuzi zinavyozaliwa. Mchambuzi wa kwanza anaandika mwaka mmoja kabla kwamba Sanders ni wa juu. Wa pili anasoma kabla ya kuandika yake. Kufikia Machi kuna mamia ya orodha zinazokubaliana, na msomaji anadhani ana mashahidi mia kumbe anamsikiliza shahidi mmoja aliyerudiwa mara mia. Timu hazisomi orodha hizo ili ziamue, na wala hazina sababu ya kuzisahihisha. Meneja anayempenda mchezaji anataka wenzake wasijue. Asiyempenda anafurahi wakidhani anampenda, kwa sababu huenda mtu akamlipa ili ampite. Hivyo ukimya wa klabu hausemi ndiyo wala hapana, na kila ziara ya mchezaji katika klabu inayotangazwa inaweza kuwa ya kweli au ya kuzuga. Kila timu inaruhusiwa kuwaita wageni 30 wa aina hiyo makao makuu yake, na wengi wao hawatachaguliwa na timu hiyo.

Ishara nzito zaidi kuliko ziara ni fedha na zamu. Raiders walipotoa nafasi ya raundi ya tatu kumpata Geno Smith, walitamka kwa vitendo. Giants walipowasajili wakongwe wawili walisema hawana haraka ya kumtegemea chipukizi katika ya tatu, ingawa hawakusema hawatapanda baadaye. Steelers walipotoa raundi yao ya pili walijifungia wenyewe mlango kati ya 21 na raundi ya tatu. Yote haya yalikuwa hadharani Machi, bila kumhitaji mtu wa ndani.

Novemba 2025, baada ya Flacco kuuzwa kwa Cincinnati Bengals na Gabriel kuumia kichwa katika mechi dhidi ya Baltimore Ravens, Sanders aliingia uwanjani. Jumapili iliyofuata alianza kwa mara ya kwanza, huko Las Vegas, na Browns wakawafunga Raiders 24 kwa 10. Mashabiki wake waliona amewaumbua waliompita. Huenda, huenda siyo, mechi moja haipimi kwotabeki. Kwa mbashiri wa Aprili, hata angeshinda mechi kumi mfululizo, nafasi ilibaki 144, maana aliyeulizwa swali hakuwa Sanders bali mameneja wa timu 32.

Kama ningeombwa kuandika utabiri wa jioni ya 23 Aprili kwa yaliyokuwa mezani, ningeandika hivi: uwezekano wa nusu kwa raundi ya kwanza, zaidi kwa Saints au Steelers au timu inayopanda mwishoni mwa usiku. Robo moja kwa raundi ya pili na ya tatu. Robo iliyobaki kwa siku ya Jumamosi, na ndani ya robo hiyo ningeweka jina la Browns la kwanza, kwa sababu walikuwa na Watson majeruhi, Flacco mwenye miaka 40, na nafasi nyingi za kuchagua. Msomaji angelalamika kwamba simpi jibu moja. Orodha nyingi zilizompa jibu moja zilimpa nafasi ya raundi ya kwanza.